Bega lako linabana kwa sababu limelegea

Swali: Daktari, nina miaka 26, nacheza mpira wa wavu na ninanyanyua vyuma mara nne kwa wiki. Miaka miwili iliyopita nilianguka uwanjani bega la kulia likachomoka. Lilirudishwa siku ileile, mkono ukafungwa wiki tatu, basi. Halijachomoka tena, ila mara mbili tatu nikipiga smashi nimehisi kama linataka kutoka halafu likarudi. Sasa ni miezi minane nikiinua mkono bega linauma kwa juu, linabana, na linalia “tk”. Mtu mmoja aliniambia ni impinjimenti, yaani mfupa unasaga kano, na huenda nikachongwa huo mfupa. Mwingine akasema bega limelegea tu. Miezi mitano nimefanya mazoezi ya raba kila siku na kunyoosha kifua kwenye fremu ya mlango, sioni nafuu. Nimsikilize nani? Na ligi inaanza baada ya wiki sita, nitacheza?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza nikushushie cheo ulichonipa. Mimi si daktari, ni mfiziotherapia; kazi yangu ni kukaa na mabega ya watu miezi kadhaa baada ya daktari kumaliza ya kwake. Bega lako sijalishika, kwa hiyo nasema kwa kutegemea ulivyosimulia, na umesimulia vizuri kuliko wengi wanaokuja na bahasha ya picha za MRI kwapani.

Msikilize zaidi wa pili. Wa kwanza hakudanganya: kitu kinabana kweli. Lakini kwa mtu wa miaka 26 ambaye bega lake limewahi kuchomoka, na ambaye mchezo wake ni kurusha mkono juu ya kichwa, kubana mara nyingi ni matokeo ya bega lisilotulia mahali pake. Ukishughulikia kubana peke yake utapangusa sakafu mwaka mzima huku paa linavuja.

Chukua mpira wa tenisi uuweke juu ya kisosi. Hilo ndilo bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikombe kinachokibeba ni kidogo na hakina kina, na wakati wowote ule ni kama robo mpaka theluthi tu ya kichwa ndiyo inayogusana na kikombe. Ndiyo maana mkono unafika karibu kila mahali, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachochomoka mara nyingi kama hiki. Kinachouzuia mpira usidondoke kwenye kisosi ni vitu vya aina mbili. Kuna vya kushikilia tu: ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe, unaoitwa labramu, pamoja na mfuko wa ligamenti, zile nyuzi imara zinazofunga mfupa kwa mfupa. Hivi hukaza mkono ukifika mwisho wa mwendo. Halafu kuna misuli minne midogo ya ndani ambayo kano zake zinakikumbatia kichwa cha mfupa kama vidole vilivyoshika chungwa. Hii inafanya kazi muda wote, hasa katikati ya mwendo ambako ligamenti zimelegea.

Siku ulipoanguka, kichwa kilitoka, na karibu hakika kilitokea mbele; zaidi ya mabega tisa kati ya kumi hutokea huko. Kikitoka huuchana ukingo wa mbele, jeraha linaloitwa la Bankart, kwa jina la daktari wa Uingereza aliyelieleza mwaka 1923. Mara nyingi pia sehemu ya nyuma ya kichwa hugonga ukingo wa kikombe ikaachiwa kishimo. Kufungwa mkono wiki tatu kunatuliza maumivu, lakini hakukuhakikishii kwamba ule ukingo umeshikana tena mahali pake. Kwa hiyo ulitoka na kisosi ambacho kingo yake ya mbele imemong’onyoka, na mzigo wote ukabaki kwa ile misuli minne. Hakuna aliyeifundisha kubeba.

Sasa tazama inavyotokea kubana. Kila unapoinua mkono, kichwa kinateleza milimita chache zaidi ya inavyostahili. Kano zinakikimbiza kukirudisha, zinachoka, zinavimba kidogo, zinaanza kuuma. Kano inayouma huufanya msuli wake ukate tamaa mapema, na msuli ukikata tamaa kichwa kinateleza zaidi. Pale mkono unapokuwa nyuma kabisa kujiandaa kwa smashi kuna kubana kwa aina nyingine ambako hakuhusiani na mfupa wa juu: upande wa ndani wa kano unagusana na ukingo wa nyuma wa kikombe. Mpasuaji Mfaransa, Gilles Walch, alieleza jambo hili na wenzake mwaka 1992 kwa wachezaji wa michezo ya kurusha. Kwa hiyo nataka uniambie, au umwambie atakayekupima: linauma mkono ukipanda katikati ya njia, kati ya nyuzi 60 na 120, au linauma mkono ukiwa umevutwa nyuma? La kwanza linaelekeza kwenye kano zilizochoka. La pili, pamoja na ile hisia ya kutaka kutoka, linaelekeza kwenye bega lililolegea mbele.

Ile habari ya kuchonga mfupa ina historia yake. Mwaka 1972 mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba kano husagwa na ncha ya mfupa ulio juu ya bega, akromioni, na kwamba kuuchonga kunaipa kano nafasi. Wazo lilieleweka upesi kwa sababu linachoreka: mfupa juu, kano chini, msumeno katikati. Likatawala miongo kadhaa. Baadaye watu wakafanya lile ambalo lingefanywa mapema, wakalinganisha kuchonga na upasuaji wa uongo, ambapo kamera inaingizwa ndani ya bega lakini hakichongwi kitu. Uingereza walifanya hivyo kwa wagonjwa 313, Finland kwa 210, na matokeo ya nchi zote mbili yakatoka mwaka 2018. Waliochongwa hawakuwa na nafuu ya maana kuliko waliotazamwa tu kwa kamera. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu katika jarida la BMJ likashauri kwa nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya namna hii. Na hao walikuwa watu ambao mabega yao hayajachomoka! Wewe ambaye bega lako limelegea, kukuongezea nafasi ndani ya bega ni kama kumlegezea kamba mbuzi aliyekwisha zoea kuikata.

Sasa kipimo. Mtu mwenye hadithi kama yako namlaza chali, namshika kiwiko, naupeleka mkono pembeni mpaka usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, halafu naugeuza taratibu ngumi ielekee nyuma ya kichwa, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Siangalii bega. Naangalia uso. Kabla hatujafika mbali macho yanatanuka, pumzi inakatika, na ule mkono mwingine unanyanyuka wenyewe kuja kunizuia. Hapo naweka kiganja mbele ya bega, nakisukuma kichwa cha mfupa kidogo kirudi nyuma, naendelea kugeuza. Uso unalegea, mkono unaenda nyuzi 10 au 20 zaidi, na mwenye bega ananitazama kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe. Kinachotafutwa ni hofu, si maumivu. Maumivu matupu katika mkao ule yanaweza kutoka kwenye mambo mengi. Hofu inayoondoka kwa kiganja ni ushahidi mzuri kwamba bega linatoka mbele. Usijifanyie mwenyewe kitandani. Vile vipimo vya kubana, ambapo mkono unageuzwa ndani na kuinuliwa, vinauma karibu kila bega bovu, na mimi sivitumii kuamua chochote.

Aidha, apime kama wewe ni mtu wa viungo laini kwa asili: kidole gumba kinafika kwenye mkono wa chini? Viwiko na magoti vinapinda kinyumenyume? Viganja vinagusa sakafu bila kukunja magoti? Ukiwa hivyo, na hasa kama bega la kushoto nalo linacheza, mambo yaliyo hapa chini yanabaki yaleyale ila yanachukua muda mrefu zaidi, na upasuaji unasogea mbali zaidi.

Sasa nikuulize kuhusu mlango. Unaposimama kwenye fremu, mkono umeinuliwa pembeni, kiwiko kimekunjwa, ukasukuma kifua mbele, umetazama mkao huo? Ni mkao uleule niliokueleza, ule unaotanua macho. Kwa miezi mitano umekuwa ukiivuta kila siku sehemu ambayo tayari imechanika. Najua kwa nini unafanya: bega linahisi kukaza. Linahisi kukaza kwa sababu misuli ya mbele imeshikilia kwa woga, si kwa sababu ni mifupi. Ukiilazimisha kunyooka, inaachia kwa saa moja halafu inashika tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Acha leo. Katika ushauri wote wa bure unaozunguka kwenye simu, huu wa mlango kwa watu waliowahi kuchomoka bega ndio unaonikera kuliko wote. Ukitaka kunyoosha kitu, uvute mkono upitie mbele ya kifua ili nyuma ya bega ndiyo inyooke, na hapo pia ikiwa tu kumethibitika kuna mkazo.

Raba nayo si kosa, ila umeiacha ibaki pale ilipoanza. Umekuwa ukifunga kiwiko ubavuni na kugeuza mkono nje, mara 20, mara 30, kila siku. Kiwiko kikiwa ubavuni bega lako halina shida yoyote. Unafundisha msuli kazi mahali ambapo hauna kazi, na kwa uzito ambao uliuzoea tangu wiki ya tatu. Smashi inapigwa mkono ukiwa juu, kwa kasi, na breki ya kuusimamisha ule mkono baada ya kupiga ni hiyohiyo misuli ya nyuma ya bega. Nguvu ya mkao mmoja haihamii mkao mwingine kwa hiari. Lazima uipeleke wewe, hatua kwa hatua, mpaka pale unapoogopa.

Wiki mbili za kwanza usipige smashi wala sevu ya kuruka, na usinyanyue chuma juu ya kichwa. Simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, taulo ndogo iliyokunjwa ibane kati ya kiwiko na mbavu, kisha sukuma ukuta kwa nyuma ya mkono bila mkono kwenda popote. Nusu ya nguvu zako, sekunde 30 mpaka 45, mara tano, asubuhi na jioni. Fanya hivyohivyo kwa kiganja, ukisukuma upande wa ndani. Haya mazoezi ya kusukuma bila kusogea hutuliza kano wakati huohuo yakiiamsha. Kuhusu maumivu, jipe alama kutoka 0 hadi 10: mpaka 3 wakati wa zoezi ni sawa, alimradi kesho yake asubuhi bega liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka vibaya zaidi, punguza uzito au idadi, usiache kabisa. Usiku lalia ubavu mzima, ukumbatie mto mkubwa ili mkono wa juu usidondoke mbele.

Kuanzia wiki ya tatu ingia kwenye uzito wa kweli, siku tatu kwa wiki na si kila siku, kwa sababu kano inajengeka inapopumzika. Lala ubavu wa kushoto, kiwiko cha kulia kimekaa juu ya mbavu, damubeli ya kilo 2 au 3, inua mkono wa chini kuelekea dari, ushushe kwa kuhesabu mpaka tatu. Seti tatu za 10 mpaka 12. Ukiona 12 zimekuwa nyepesi, ongeza nusu kilo. Mtu wa vyuma kama wewe ataona aibu kushika kilo 2 mbele ya wenzake. Shika tu, ukifanya taratibu nilivyosema, ya kumi itakunyamazisha. Ongeza kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama, kuinua mkono mbele-pembeni (katikati ya mbele na ubavuni, kidole gumba kikitazama juu), na pushapu ambazo mwishoni, mikono ikiwa imenyooka, unaisukuma sakafu mara moja zaidi ili mgongo wa juu upande kidogo. Anza nazo ukutani, shuka mezani, halafu sakafuni.

Hiyo “mara moja zaidi” nataka nikae nayo kidogo. Kikombe cha bega kimo kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Mkono ukipanda mpaka juu kabisa, nyuzi kama 180, kombe lenyewe linachangia kama 60 kwa kujizungusha kwenda juu, ili kisosi kiufuate mpira. Kombe likibaki nyuma, mpira unaning’inia nje ya kisosi. Msuli mkuu wa kazi hiyo umejibandika kwenye mbavu chini ya kwapa, na ndio unaoamshwa na ile sukuma ya mwisho. Sasa kumbuka agizo la kila ukumbi wa mazoezi: “Mabega nyuma, mabega chini!” Kwenye kuvuta chuma kizito, sawa. Lakini mtu anayebana makombe yake chini na nyuma huku anainua mkono juu ya kichwa anakizuia kisosi kisiufuate mpira. Nimewahi kumpunguzia mtu maumivu nusu nzima kwa dakika moja, kwa kumwambia aache kushusha mabega: ainue mkono huku bega likipanda kidogo kuelekea sikio. Jaribu mbele ya kioo, mara tano kwa njia yako ya zamani, mara tano hivi. Tofauti ikiwepo, umejipatia tiba bila uzito wowote.

Karibu na wiki ya saba, kama hakuna maumivu yanayokuamsha usiku na nguvu zimepanda, twende kwenye mahali penye hofu. Lala kifudifudi kwenye benchi, mkono umetoka pembeni, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90 kiganja kikining’inia, inua kiganja mpaka kiwe sawa na kiwiko. Damubeli ya kilo 1 inatosha kuanzia. Baadaye simama, raba imefungwa mbele yako usawa wa bega, kiwiko kimeinuliwa pembeni. Vuta raba ngumi irudi nyuma, halafu iachie irudi mbele polepole sana. Hapa ndipo raba inapostahili kuwa. Halafu kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote: shika kile chuma chenye mpini, kile kizito kwa chini (kettlebell), ukigeuze kichwachini ili uzito ukae juu ya ngumi, kisha tembea nacho, kiwiko mbele ya bega kimekunjwa. Chuma kinataka kuanguka kila upande, na misuli minne haina muda wa kufikiri. Huwezi kudanganya kwa kutumia kifua. Kilo 4 zinaweza kumtetemesha mtu anayebonyeza kilo 90 kwenye benchi. Ukikizoea mbele, kipeleke pembeni, kisha juu. Ukiwa na mwenzako, kaa mkao wa pushapu naye akuguse-guse kukusukuma pande zote bila kukuambia lini.

Bega halijifunzi kwa hoja. Limewahi kutoka, linakumbuka, na kila mkono unapoelekea nyuma ubongo unapunguza nguvu ili kujikinga. Unalirudishia imani kwa kulipeleka pale mara nyingi, kwa uzito mdogo, bila kitu kibaya kutokea. Ndiyo maana simwambii mtu aukwepe ule mkao maisha yake yote. Anayeukwepa anabaki na bega salama kabatini.

Kwenye vyuma, kwa miezi mitatu acha kubonyeza chuma nyuma ya shingo, acha kujishusha kati ya nguzo mbili, acha kufungua mikono ya kifua kwa damubeli ukizishusha chini ya benchi. Benchi unaweza, shika karibu zaidi na usishushe viwiko chini ya mstari wa mwili. Kubonyeza damubeli ukiwa umelala sakafuni kunakulazimisha ufanye hivyo bila kufikiri. Kujivuta kwenye chuma cha juu subiri, na ukirudi usining’inie umelegea kama nguo kwenye kamba. Miguu na mgongo fanya unavyotaka, tena zaidi, maana sehemu kubwa ya nguvu ya smashi inatoka ardhini kupitia nyonga na kiwiliwili. Kiuno kizembe kinamtuma mkono kazi isiyo yake.

Sindano ya steroidi? Inaweza kukupa wiki kadhaa za nafuu, si zaidi. Uingereza walifuatilia watu 708 wenye maumivu ya kano za bega, matokeo yakatoka 2021: sindano ilisaidia kidogo kwenye wiki ya nane, baada ya mwaka hapakuwa na tofauti. Katika utafiti huohuo kuna jambo lililonipa adabu: waliokutana na mfiziotherapia mpaka mara sita hawakuwashinda waliopata kikao kimoja kizuri cha maelezo na mazoezi ya kufanya nyumbani. Kwa hiyo atakayekuambia uje kliniki kila siku kusuguliwa na kuwekewa mashine, muulize kwa nini. Ila tahadhari, waliopimwa pale hawakuwa na mabega yaliyochomoka. Wewe unahitaji mtu mwenye jicho angalau kila baada ya wiki mbili tatu, hasa unapoingia kwenye mikao ya hofu.

Upasuaji wa kushona ule ukingo ni habari tofauti kabisa na kuchonga mfupa, na huo siupingi. Edinburgh waliwafuatilia watu 252 wa miaka 15 hadi 35 waliochomoka bega kwa mara ya kwanza. Matokeo yalichapishwa 2006, na zaidi ya nusu mabega yao yalikosa utulivu tena ndani ya miaka miwili. Vijana wa kiume ndio walioongoza. Wewe umevuka miaka miwili bila kuchomoka kikamilifu, na hilo ni jema, ila zile mara mbili tatu linapotaka kutoka likarudi si “karibu”, zinahesabiwa. Ningejipa miezi mitatu mpaka sita ya mazoezi yenye uzito wa kweli. Ikiwa bado linateleza, au likichomoka tena kabisa, nenda kwa mpasuaji wa mabega na uombe MRI ambayo dawa inachomwa ndani ya kiungo kwanza, kwa kuwa MRI ya kawaida inaweza kuukosa ukingo uliochanika. Akishuku mfupa wa kikombe umelika, ataongeza picha ya CT. Mfupa ukiwa umepungua sana kushona pekee hakutoshi. Kuna upasuaji wa Latarjet, ulioelezwa na Mfaransa wa jina hilo mwaka 1954, ambao unahamisha kipande cha mfupa kukiongezea kikombe kingo ya mbele.

Likichomoka uwanjani, usikubali mwenzako alivute, hata kama aliwahi kuona mahali ikifanywa. Shikilia mkono ulivyo, uegemeze kwenye mto au koti, nenda hospitali likapigwe eksirei kabla na baada ya kurudishwa. Gusa ngozi ya nje ya bega, chini kidogo ya ncha. Ikiwa imekufa ganzi, mwambie daktari, huenda mshipa wa fahamu umevutika. Na msomaji mwingine aliyezidi miaka 40 anayesoma haya: bega likichomoka halafu baada ya wiki mbili mkono haupandi, usisubiri wala usianze mazoezi kwa kubahatisha. Katika umri huo kano zenyewe mara nyingi huwa zimekatika, na picha inahitajika mapema.

Ligi sasa. Kurudi kupiga kunaamuliwa na bega, si kalenda. Nataka nguvu za kugeuza mkono nje upande wa kulia zifikie angalau asilimia 90 ya kushoto. Hesabu tu ni mara ngapi unaweza kwa damubeli ileile kabla fomu haijaharibika. Halafu chukua mizani ya kujipimia uzito, uiweke sakafuni, lala kifudifudi mkono umenyooka mbele ya kichwa, sukuma mizani kwa kiganja kwa sekunde tatu, andika namba. Peleka mkono pembeni kidogo, sukuma tena. Pembeni kabisa, sukuma tena. Fanya mikono yote miwili. Mkono wa kupigia unapaswa kuwa sawa au kuzidi. Ukiona umepungua sana kwenye mkao mmoja, umejua pa kufanyia kazi wiki ijayo. Na mkao wa kurusha jiwe uwe hauna hofu tena.

Ukifika hapo, wiki ya kwanza piga mipira 20 ukiwa umesimama, nusu ya nguvu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kisha 40. Kisha ruka. Wiki unayoongeza idadi usiongeze nguvu. Sevu ya kuelea irudi mapema, ya kuruka iwe ya mwisho. Na mazoezi ya bega yabaki kwenye kupasha mwili joto hata ukiwa mzima: Norway walijaribu programu ya dakika kama 10, mara tatu kwa wiki, kwa wachezaji 660 wa mpira wa mikono, na hatari ya matatizo ya bega ikashuka kwa asilimia 28.

Kwa mwendo huo wiki sita hazikutoshi kupiga. Mara nyingi ni miezi mitatu, na wengine minne. Zinakutosha kupokea na kuokoa mipira ya chini, ambako mikono inafanya kazi mbele ya mwili, alimradi usiipigie mbizi mipira ya mbali. Kutua kwa mkono ulionyooka kutakurudisha siku ile ulipoanguka. Kuzuia wavuni nakukatalia kwa sasa, maana mpira ukiugonga mkono ulioinuliwa unausukuma nyuma kuelekea kulekule. Mwambie kocha wako akupe kazi ya nyuma mechi za mwanzo, na umwonyeshe namba za mizani kila wiki mbili.